WAYA WA ZAMANI KATIKA BAFU JIPYA
Upi utumike tena, upi uondoke



Hapa Gisenyi na katika wilaya nzima ya Rubavu, watu wamejenga na kutengeneza sana miaka hii, wala si kwa kupenda. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka upande wa Kongo, na katika siku zilizofuata matetemeko ya ardhi yalipasua kuta Rubavu kama yalivyopasua Goma. Kisha, usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilijaza mto Sebeya. Maji yaliingia majumbani, yakabomoa vyoo na mabafu, na zaidi ya watu 130 walipoteza maisha nchini. Mto huo huo wa Sebeya ndio uliowekewa mitambo ya umeme ya Gisenyi na Gihira. Maji na umeme ni majirani kwetu tangu zamani.

Sasa, ukuta wa bafu unapobomolewa ili ujengwe upya, ndani yake hutoka waya. Waya wa shaba, mrefu, ambao kwa macho hauna kasoro. Hapo ndipo swali huzuka katika kila nyumba ya mfanyakazi: Je, tuurudishe ukutani, au tununue mpya? Mshahara tunaujua, na bei ya shaba dukani tunaijua. Hakuna mtu mwenye haki ya kumcheka mfanyakazi anayetaka kutumia tena kitu alicho nacho. Lakini wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na katika bafu rahisi inaweza kuvunja zaidi ya upishi.

Jibu letu tunalitoa mapema ili msomaji asichoke kungoja. Waya wa zamani uliopimwa ukaonekana mzima unaweza kufanya kazi mahali pakavu. Bafuni usirudi. Fedha mtakazookoa kwa kutumia tena vitu vingine zitumieni kununua kinga, yaani kifaa cha kukata umeme unaovuja pamoja na waya mzuri wa ardhi. Sababu zake tunazieleza hapa chini.

KWA NINI BAFU SI CHUMBA KAMA VINGINE

Umeme wa nyumbani kwetu Rwanda ni volti 230. Mtu mkavu aliyevaa viatu, akisimama juu ya sakafu kavu, ngozi yake huzuia umeme kwa kiasi fulani. Mtu huyo huyo akivua viatu, akalowa maji na sabuni, kizuizi hicho hushuka sana. Mwili wake unaweza kubaki na kizuizi cha omu 1,000 hivi. Gawanya volti 230 kwa omu 1,000: utapata ampea 0.23, yaani miliampea 230. Umeme unaopita miliampea 30 mwilini kwa muda unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa hiyo aliyelowa bafuni anaweza kupigwa na umeme mara saba ya kiasi hicho.

Linganisha na kikata-umeme cha kawaida kilicho katika bodi ya nyumba. Hicho huandikwa ampea 10, au 16, au 20. Kazi yake ni kulinda waya usiungue. Ampea 0.23 inayoua mtu hakiioni kabisa. Ndugu zetu wengi hudhani kwamba kwa kuwa nyumba ina vikata-umeme, basi watoto wako salama. Sivyo. Kikata-umeme cha kawaida hulinda waya na nyumba isishike moto. Mtu hulindwa na kifaa kingine, nacho tutakifikia.

ARDHI YETU YA VOLKANO

Lipo jambo linalotuhusu sisi wa Gisenyi kuliko watu wa sehemu nyingine. Kinga ya zamani ya umeme ni waya wa ardhi: hita ikiharibika na bati lake likaguswa na waya wa moto, umeme ushuke ardhini badala ya kumpitia mtu. Ili jambo hilo lifanyike vizuri, ardhi yenyewe lazima iwe na unyevu na ipitishe umeme. Lakini upande wetu wa kaskazini, kuelekea milimani, sehemu kubwa ya ardhi ni mawe ya volkano. Jiwe la volkano likikauka hupitisha umeme kwa shida sana. Fundi anaweza kupigilia nondo ya ardhi, akahangaika nusu siku na jiwe, na bado ardhi ile ikawa na kizuizi cha omu 100 au zaidi.

Tupige hesabu. Volti 230 ukigawanya kwa omu 100 ni ampea 2.3 tu. Kikata-umeme cha ampea 16 hakitaruka hata siku moja kwa ampea 2.3. Maana yake bati la hita litabaki na umeme mchana na usiku, taa zinawaka, redio inaimba, na hakuna anayejua mpaka mtu aliyelowa maji aliguse.

Jambo la pili ni la ukarabati wenyewe. Katika nyumba nyingi za zamani mafundi walifunga waya wa ardhi kwenye bomba la maji la chuma, kwa kuwa bomba hilo lilizikwa ardhini kwa urefu mkubwa. Leo tunapotengeneza bafu tunang'oa bomba la chuma lililooza kwa kutu na kuweka la plastiki. Plastiki haipitishi umeme. Kwa hiyo siku ile tunayofurahia bomba jipya, ndiyo siku ambayo nyumba nzima imepoteza ardhi yake, na waya wa kijani ungali ukutani ukitudanganya. Yeyote anayebadilisha mabomba ya maji na aulize kwanza: ardhi ya umeme ya nyumba hii imefungwa wapi?

KIFAA KINACHOLINDA MTU

Kifaa tunachokisema ni kikata-umeme cha uvujaji. Mafundi wengi waliosoma kwa Kifaransa hukiita diferansieli. Kinafanya kazi kama mhasibu mwaminifu. Hupima umeme unaotoka kwa waya wa moto, hupima umeme unaorudi kwa waya wa nyutro, na kulinganisha. Vikiwa sawa, hunyamaza. Kikiona umeme uliotoka haukurudi wote, hujua kwamba kuna unaovuja, pengine kwa kupitia mwili wa mtu, nacho hukata.

Kwa bafu tunataka kile kilichoandikwa miliampea 30, yaani 0.03 A. Uvujaji ukifika kiasi hicho, kifaa kizima hukata kabla ya theluthi moja ya sekunde kupita. Na uzuri wake kwa ardhi yetu ya mawe ni huu: hata ardhi ikiwa na omu 100, zile ampea 2.3 ambazo kikata-umeme cha kawaida hakikuziona, kwake ni nyingi kupita kiasi. Hukata mara moja.

Hata hivyo tusikifanye kuwa hirizi. Mtu akishika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mkono wa pili, kifaa hiki kinaweza kuona kama taa tu imewashwa, kisikate. Tena kina kitufe cha majaribio chenye herufi T. Kibonyezeni kila mwezi. Kisiporuka, kimekufa na kibadilishwe. Na kikianza kuruka mara kwa mara baada ya kufungwa, baadhi ya watu hukikasirikia na kumwambia fundi akipitie pembeni. Hilo ni kosa kubwa. Kinachoruka kinaleta habari: mahali fulani waya wa zamani unavuja. Utafutwe.

KUUPIMA WAYA WA ZAMANI

Sasa turudi kwenye ule waya uliotoka ukutani. Tuufanyie maswali manne, na ukishindwa moja tu, usirudi kazini.

Kwanza, ganda lake. Nyumba za kabla ya miaka ya 1960 zinaweza kuwa na waya wenye ganda la mpira lililofunikwa kwa kitambaa. Mpira ule ukizeeka hukauka na kumeguka kama mkate wa juzi. Waya wa namna hiyo hauna mjadala: uondoke nyumbani wote, si bafuni tu. Waya za baadaye zina ganda la plastiki. Pinda kipande chake taratibu kuzunguka kidole. Kikionyesha nyufa, au kikiwa kigumu, au kimebadilika rangi kuwa kahawia karibu na maungio, kimekwisha kupata moto. Ganda lililokwaruzwa wakati wa kuvutwa kutoka ukutani nalo halifai.

Pili, unene. Waya wa taa kwa kawaida ni milimita mraba 1.5, wa soketi ni 2.5. Hita ya tangi ya wati 2,000 hula ampea 8.7, lakini bomba la mvua linalochemsha maji papo hapo, la wati 5,500, hula karibu ampea 24. Waya wa taa ukibebeshwa mzigo huo utachemka ndani ya ukuta. Ikumbukwe kwamba umeme ukiongezeka mara mbili, joto la waya huongezeka mara nne. Bomba la namna hiyo lahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, wa milimita mraba 4 au 6 kufuatana na urefu wa njia, pamoja na kikata-umeme chake.

Tatu, madini yake. Shaba ni nyekundu, aluminiamu ni nyeupe na nyepesi. Usiunge shaba na aluminiamu kwa kusokota. Zikikutana na unyevu huliana, kiungo hulegea, hupata joto, na mwisho wake ni moto.

Nne, kipimo cha mega. Macho na vidole havitoshi. Fundi mwenye mega hupeleka volti 500 katika waya uliofunguliwa pande zote mbili na kuona kama ganda linavuja. Kipimo kinachokubalika kimataifa kwa nyumba ni kisichopungua megaomu 1. Waya mzuri hutoa zaidi ya hapo kwa mbali. Waya uliokaa katika maji ya mafuriko upimwe baada ya kukauka kabisa, pamoja na soketi na visanduku vyake, maana matope ya Sebeya hubaki ndani hata maji yakiisha.

Na rangi je? Rangi isitudanganye. Leo rangi za kimataifa ni kahawia au nyeusi kwa waya wa moto, buluu kwa nyutro, kijani chenye mstari wa njano kwa ardhi. Lakini katika nyumba za zamani za mtindo wa Kiingereza nyeusi ilikuwa nyutro na nyekundu ilikuwa ya moto. Na Ujerumani ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 nyekundu ilikuwa ya ardhi. Fundi aliyejifunza nchi moja akaja kufunga nchi nyingine aliacha rangi alizozizoea. Kwa hiyo waya hutambuliwa kwa kupimwa, si kwa rangi.

KIPI KITUMIKE TENA

Ukarabati una mengi ya kuokoa bila kuhatarisha mtu.

Mabomba ya kupitishia waya yaliyo ukutani, yakiwa hayajapasuka wala kujaa maji, yatumike tena. Hapo waya wa zamani hutusaidia kwa mara ya mwisho: kabla ya kuung'oa, funga waya mpya kwenye ncha yake, kisha vuta wa zamani upande wa pili. Utatoka huku ukiingiza mpya, na ukuta hautachimbwa tena. Lakini mahali ukuta ulipopasuliwa na tetemeko, bomba lifunguliwe na kutazamwa, kwa sababu ufa wa ukuta unaweza kuwa umelikata bomba na kuukwangua waya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini usizibe ufa kabla ya kujua umefanya nini ndani.

Waya uliofaulu maswali yote manne unaweza kutumika kwa taa ya sebuleni, ya chumba cha kulala au ya ghala kavu, ukiwa kipande kizima kisicho na kiungo katikati. Kiungo kikilazimika, kiwe ndani ya kisanduku chenye kifuniko, kwa konekta zenye skrubu, na mahali panapofikika. Kusokota waya, kuzungushia tepu na kufukia kwa saruji chini ya vigae ni kumzika nyoka akiwa hai.

Waya usiofaa ni shaba, na shaba ina thamani. Uuzwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu anayejulikana, nawe ueleze ulikotoka. Usiuchome moto ili kupata shaba. Moshi wa plastiki ile una tindikali na sumu ziingiazo mapafuni, na maganda mengi ya zamani yana risasi inayodhuru akili za watoto. Ganda huchunwa kwa kisu. Takataka za umeme zinazobaki zinapokelewa na kituo cha Enviroserve kilichoko Bugesera. Tawi likikusanya za nyumba nyingi, safari moja inatosha.

Na neno moja juu ya waya kutoka kiwandani. Vipande vilivyobaki kazini ni mali ya mwajiri mpaka vitolewe kwa maandishi. Tusimpe mtu sababu ya kumfukuza mwenzetu kazi kwa ajili ya mita kumi za waya.

KAZI YENYEWE IFANYWE VIPI

Kiwandani tunafahamu kwamba fundi hafungui mashine kabla ya kuzima swichi kuu, kuifunga kwa kufuli na kuweka kibao. Kanuni hiyo hiyo iende nyumbani. Wengine huona mita ya Cash Power imeisha uniti, wakasema umeme haupo, wakaingiza mikono. Mtoto akinunua uniti dukani na kuziingiza, umeme unarudi wakati baba au mama ameshika waya. Uniti kuisha si swichi. Zima swichi kuu, funga bodi, funguo weka mfukoni, kisha pima kwa kipimo chenye ncha mbili, baada ya kukijaribu kwanza mahali penye umeme ili kujua kuwa kinafanya kazi.

Ndani ya bafu, soketi zikae mbali na maji: nafasi ya sentimita 60 kutoka ukingo wa mahali pa kuogea ndiyo mwisho wa chini, na bora zaidi soketi iwe nje ya mlango. Taa na swichi zilizo karibu na maji ziwe za aina isiyopitisha matone, ambazo huandikwa IPX4 au zaidi. Mabomba ya chuma yaliyobaki yaunganishwe pamoja na waya wa ardhi.

Jambo la mwisho ni ujanja ambao tumeuona ukisifiwa: soketi haina ardhi, basi fundi huunga ardhi ya soketi na nyutro ili kifaa kionekane kina ardhi. Msikubali. Nyutro ikikatika mahali popote nyuma yake, bati la hita na la mashine ya kufulia litapata volti 230 papo hapo.

Kuhusu mafundi, RURA ndiyo inayotoa vibali kwa mafundi wa umeme nchini. Mwombeni fundi kibali chake kabla ya kumpa malipo ya mwanzo. Lakiri za mita na waya unaotoka kwenye nguzo ni za EUCL; hapo tusiguse.

TAWI LIFANYE NINI

Ndugu wafanyakazi, mfanyakazi mmoja hawezi kununua mega kwa ajili ya bafu moja. Wanachama 30 wanaweza. Tunapendekeza kila tawi lichange na kuwa na mega moja na kipimo kimoja cha ardhi, vikae kwa katibu wa tawi, na vikopeshwe kwa fundi mwenye kibali anayefanya kazi katika nyumba ya mwanachama. Vikata-umeme vya uvujaji navyo vinunuliwe kwa pamoja, dazeni kwa dazeni, bei ishuke, na mwanachama alipe kidogo kidogo.

Kwa wale wanaokaa katika nyumba za mwajiri, mashambani au kambini, habari ni nyingine. Sheria ya kazi Na. 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 inamtaka mwajiri ahakikishe afya na usalama kazini. Bafu la kambi analooga mchuma chai akitoka zamu lisiachwe nje ya mazungumzo. Wajumbe wa usalama wapite nyumba kwa nyumba na karatasi yenye maswali matatu: Je, bodi ina kikata-umeme cha uvujaji cha miliampea 30? Je, kitufe chake kikibonyezwa kinaruka? Je, waya wa ardhi umefungwa wapi, na umepimwa lini?

Majibu yaandikwe kwa namba ya nyumba, yapelekwe kwa mwajiri kwa barua, na nakala ibaki tawini. Nyumba ambayo jibu la swali la kwanza ni "hapana" ndiyo ianze kushughulikiwa, hata kama vigae vyake bado vinang'aa.